Toleo la Zamani Lisipotoka

Fedha za watu ni amana, na siku hizi daftari la amana hiyo aghalabu limo ndani ya kompyuta. Sisi akina mama wa kikundi cha akiba tumeweka humo michango ya kila wiki, mikopo na marejesho. Programu yetu ya hesabu ilipokataa kupokea toleo jipya, tulihofia haki za wenzetu kuliko tulivyoihofia mashine.

Toleo jipya lilikwama katikati na kuonyesha kosa namba 1714, yaani la zamani haliwezi kuondolewa. Tulipojaribu kuliondoa la zamani peke yake, kompyuta ilidai faili lake la usakinishaji, nalo halikuwapo. La kale halitoki, jipya haliingii.

Baada ya kuuliza tulikielewa chanzo. Programu nyingi za Windows zinaposakinishwa, mfumo huhifadhi nakala ya faili la usakinishaji katika folda iliyofichwa iitwayo Installer, iliyo ndani ya folda ya Windows. Nakala hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kuiondoa programu siku yake ikifika, na toleo jipya huyahitaji ili kumtoa mtangulizi wake. Fundi aliyetusafishia kompyuta miezi michache kabla aliidhania folda hiyo kuwa ni takataka, akaifuta ili kuongeza nafasi.

Tulishauriwa tuifute kwa mkono folda ya programu yenyewe. Tulikataa kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu za programu hubaki katika rejista ya Windows, na kosa huendelea kujitokeza. Pili, baadhi ya programu huweka data mumo humo, na kuifuta folda kungeweza kufuta michango ya watu.

Hivyo tulianza na hesabu: tukazinakili katika flashi, kisha tukazifungua kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimetimia. Ndipo tukatafuta faili la usakinishaji la toleo lilelile la zamani, kwa kuwa la toleo jingine halikubaliki. Mweka hazina wetu wa kwanza alikuwa amelihifadhi. Kompyuta ilipolidai tena, tukaionyesha lilipo. La zamani likatoka kwa utaratibu. Tukaizima kompyuta na kuiwasha upya, tukasakinisha jipya, na jumla ya fedha ikalingana na daftari hadi shilingi ya mwisho.

Asiye na faili hilo asikate tamaa. Microsoft hutoa bila malipo zana ya kutatua matatizo ya kusakinisha na kuondoa programu, nayo huweza kuondoa kumbukumbu zilizoharibika.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni mbili. Faili la usakinishaji hukaa pamoja na nakala ya hesabu, mbali na kompyuta. Na fundi yeyote, kabla ya kusafisha, hututajia kwanza anachokusudia kukifuta.