Gunzi na Maneno

Katika shule yetu alikuwako mtoto wa kike, umri wake kama miaka mitano, ambaye hakufungua kinywa darasani. Tulimwuliza jina la kuku, akatazama chini. Tulimwuliza jina la mamaye, akatazama chini vile vile. Tukaazimu kumshauri mamaye amweke nyumbani mwaka mmoja tena, maana tulidhani akili zake hazijapevuka.

Jioni moja tulipita nyuma ya nyumba yao, tukasikia sauti: "Nyamaza, mwanangu. Usipokunywa uji homa haitatoka, na baba akirudi atatuuliza." Kumbe ni yeye, amepakata gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa, na kifuu cha nazi ndicho kikombe. Tuliona haya. Tuliyemhesabu kuwa bubu alikuwa na maneno tele. Sisi ndio tuliokosa masikio.

Mchezo huo si upuzi. Mtoto akaribiapo miaka miwili huanza kulisha gunzi uji usiokuwapo. Na panapo wakati huo huo huanza kuunga neno na neno. Mrusi mmoja mwenye elimu, Lev Vygotsky, alifundisha mwaka 1933 ya kwamba fimbo ikigeuzwa farasi, mtoto ajifunza kutenga maana na kitu chenyewe. Na neno ndivyo lilivyo: neno "maji" halinyweki, bali lasimama mahali pa maji. Wenye elimu wangali wakihojiana kama mchezo ndio uzaao maneno, au kama vyote viwili ni matawi ya shina moja. Lakini waona ya kuwa vyaandamana.

Bwana wetu naye, alipotafuta mfano wa kuwaonya watu wazima, aliutwaa katika mchezo wa watoto sokoni, waigizao arusi na matanga.

Basi, siku ya pili tulimwomba yule mtoto alete gunzi lake shuleni. Hatukumwuliza habari zake mwenyewe. Tulimwuliza hali ya mgonjwa. Akajibu, "Amepata nafuu, mwalimu, ila hapendi kelele." Darasa zima likanyamaza kwa ajili ya gunzi.

Enyi wazazi, mkiwakuta watoto wakipika mchanga na kubembeleza magunzi, msiwatawanye upesi kwa kuwa kuni hazijaletwa. Kuni zitaletwa. Simameni kidogo kwanza, msikilize.