Maungo Yanapouma Yote



Tunapowazungukia wagonjwa huku vihambani, neno linalotufikia mara nyingi ni hili: "Baba, maungo yote yananiuma." Kabla hatujauliza lolote, jibu lipo tayari: ni malaria, ni uzee, ni baridi ya mlima, au kuna mkono wa mtu. Hili la mwisho latusikitisha mno. Zipo nyumba zinazotenganishwa na mstari mmoja wa masale (jani lile lile ambalo Wachagga huombea msamaha), na watu wake hawasalimiani kwa sababu ya goti la bibi.

Tuanze na malaria. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 walichunguzwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi, hapa hapa Moshi. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliothibitika kuwa nayo ni 14 tu. Katika 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikutwa nayo. Wengine walikuwa na maradhi yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwamo.

Chikungunya ni jina la Kimakonde, lenye maana ya kinachomkunja mtu. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Homa hupita upesi, lakini viungo vyaweza kuuma kwa miezi, hata miaka.

Brusela yatuhusu zaidi sisi tunaofuga ng'ombe na mbuzi bandani. Huingia kwa maziwa mabichi, kwa mgando wa maziwa yasiyochemshwa, na kwa mikono mitupu inayomhudumia ng'ombe aliyetupa mimba. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka, mgongo na nyonga huuma hata kijana akajiona mzee. Dawa ipo, lakini kwa kawaida ni ya aina mbili kwa pamoja, kwa wiki sita au zaidi. Wapo wanaoiacha wiki ya pili, kwa kuwa wamepata nafuu au nauli imekwisha.

Na mama aliyepandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare kwa miaka arobaini, magoti yake hayahitaji mchawi. Ila vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu, huo si uchovu. Yaweza kuwa baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Ikicheleweshwa, hulemaza, na vidonge vya maumivu vya dukani, vikimezwa kila siku, huficha ugonjwa huku vikiumiza tumbo na figo.

Kwa hiyo twawaomba wenye wagonjwa nyumbani: mkifika hospitali, msiishie kusema "homa na maungo". Mwambieni daktari maumivu yalianza lini, viungo gani vimevimba, maziwa yananywewaje nyumbani, na kama kuna mnyama aliyetupa mimba.