Fuwele za Kipindupindu Zilivyonifikisha Grenoble

Grenoble imekaa bondeni, milima imeizunguka pande tatu: Chartreuse, Vercors na Belledonne. Tulipofika vilele vilikuwa bado na theluji. Kutoka stesheni tulipanda tramu hadi karibu na pale mto Drac unapoungana na Isère. Katikati ya mito hiyo miwili kuna jengo la duara, kubwa kiasi kwamba ukisimama mlangoni huoni linakoishia. Hiyo ndiyo ESRF, sinkrotroni ya Ulaya. Ndani ya duara hilo lenye mzingo wa mita 844, elektroni hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, zikizunguka zaidi ya mara 350,000 kwa sekunde. Sumaku zinapozipinda, hutoa miale ya eksirei ambayo hakuna mashine ya hospitali inayoweza kuifikia.

Sisi tuliifuata miale hiyo kwa ajili ya kipindupindu.

Nimekulia Mwanza, kando ya ziwa, ambako ugonjwa ukiingia, gari la matangazo hupita mitaani: chemsheni maji, osheni mikono, tumieni vyoo. Yote ni kweli. Nililokuja kulijua ukubwani ni kwamba Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, haogelei peke yake siku zote. Majini hujishikiza kwenye mwani na viumbe wadogo, akazaliana, na kundi zima likajijengea utando. Waliomo ndani ya utando ni wagumu kuuawa kuliko wanaoelea mmoja mmoja.

Utando huo umejengwa kwa sukari ndefu iitwayo VPS pamoja na protini, na tatu kati ya hizo zina kazi zinazofahamika vizuri. RbmA huwashikanisha bakteria wao kwa wao. Bap1 hulishikiza kundi kwenye kitu lilichotua. RbmC husaidiana na Bap1 kulifunika kundi kwa nje. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 2012 na watafiti waliotazama utando ukijengeka, seli baada ya seli.

Mzigo wetu ulikuwa Bap1. Afisa mmoja njiani aliuliza kama tumebeba kipindupindu. Hapana: protini ilitengenezwa na E. coli wa maabara, asiye na madhara, aliyepewa jeni moja tu. Kisha tuliisafisha na kuiacha kwenye matone madogo mpaka ikajipanga kuwa fuwele. Fuwele moja ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kila moja ilikaa ndani ya kitanzi cha nailoni kwenye ncha ya pini, na pini zote zilizama katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Chumba cha kupigia miale kina kuta za risasi. Kabla ya kukifunga, mtu hukagua kila pembe kuhakikisha hakuna aliyebaki, king'ora kinalia, mlango unajifunga. Roboti ikainua pini ya kwanza. Kwenye skrini nikaona fuwele yetu inang'aa ndani ya kitanzi chake, ikianza kuzunguka polepole, na papo hapo vitone vyeusi vikajitokeza, safu kwa safu, mpaka pembezoni mwa picha. Kadiri vitone vinavyofika mbali na kitovu, ndivyo umbo litakavyosomeka kwa undani. Vyetu vilifika mbali. Sikuweza kusema neno.

Kutokana na vitone hivyo kompyuta hukokotoa mahali pa kila atomu. Umbo la Bap1 lilikuwa limeshatangazwa mwaka 2019, na ni zuri kulitazama: pangaboi lenye mapanga manane, na ubavuni mwake kipande cha pembe tatu. Kutoka kwenye kipande hicho huchomoza kitanzi cha asidi amino 57. Kitanzi hicho ndicho kinachonata, hata kwenye vitu vyenye mafuta. Hunata mno kiasi kwamba katika fuwele zetu tulikuwa tumekikata, maana ukikiacha protini hugandana ovyo. RbmC haina kitanzi hicho. Yenyewe ina sehemu za kushika ute wa utumbo.

Kwa nini mtu wa kando ya ziwa ajali mapanga manane? Kwa sababu anayejua ni kipande gani kinanata anajua pa kushambulia. Na ushikamano wa bakteria hawa umewahi kutumika dhidi yao. Mwaka 2003 Rita Colwell na wenzake walitangaza kwamba katika vijiji vya Bangladesh, kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza wagonjwa kwa takriban asilimia 48. Kitambaa hakiwezi kumnasa bakteria mmoja. Humnasa kiumbe wa majini ambaye bakteria wamemganda.

Mwanga wa sinkrotroni tuliusafiria mpaka Ulaya kwa sababu Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi lisilo na sinkrotroni hata moja. Jordan imepata yake, SESAME, iliyozinduliwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, Misri ikiwemo. Serikali zetu za Afrika Mashariki zikae pamoja, zichangie, zianze kuijenga ya kwetu.