Unga wa Serikali Mlangoni kwa Ustadhi

 

Juzi tulikuwa katika somo la zaka, tukifika kwa yale makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba. Kijana mmoja wa darasa la juu akanyoosha mkono: "Ustadhi, baba yangu anaendesha boda boda kila siku mpaka usiku. Lakini chakula hakifiki mwisho wa wiki. Je, yeye anafaa kupewa zaka?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinirudisha Aprili ya mwaka 2020.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Kampala, upande wa Kawempe. Kwa wasiojua, mwalimu wa madrasa hana mshahara kama mtu wa ofisi. Anaishi kwa ada ndogo wanayoleta watoto, na bahasha ya nikahi au maulidi. Shule na madrasa zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, ada ikakoma. Misikiti ikafungwa, harusi zikaahirishwa, na bahasha nazo zikaisha.

Serikali ikatangaza kuwagawia chakula watu wa Kampala na Wakiso ambao kazi zao za kila siku zilisimamishwa: waendesha boda boda, wachuuzi, vibarua na wengine wa namna hiyo. Kila mtu katika nyumba kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage. Ugawaji ulianza tarehe 4 Aprili, na waliofika kwetu walikuwa askari pamoja na kiongozi wa mtaa aliyeshika daftari. Akaniuliza kwa adabu, "Ustadhi, mko wangapi?"

Tulikuwa 7. Nikajibu, "Sisi alhamdulillah tuna akiba. Wapeni wenye shida."

Akiba yenyewe ilikuwa mchele usiofika kilo mbili na sukari kidogo ndani ya kopo. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, hakusema neno. Usiku, watoto walipolala, aliniambia hesabu tu: "Kilo 42 za unga, Ustadhi. Na 21 za maharage."

Nitasema ukweli, kwani hapa tunanasihiana. Sikukataa kwa sababu ya kutosheka. Niliogopa wazazi wa wanafunzi wangu wataniona nimebeba gunia la msaada. Kile kilikuwa kiburi, na nilikilipia kwa chakula cha watoto wangu, ambao hawakuulizwa.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa mwezi ule. Siku ya nne au ya tano hatukuwa na cha kufuturia isipokuwa chai. Kabla ya Magharibi jirani yetu, mjane anayeuza chapati, akabisha mlango na beseni limefunikwa leso. Ulikuwa unga uleule wa serikali, sehemu ya fungu lake na watoto wake watatu. Akasema, "Ustadhi, hii ni futari, beseni nitalichukua kesho." Hakuuliza lolote. Tukafuturu uji wa unga nilioukataa mlangoni kwangu.

Ndugu zangu, mara ngapi nimesomesha hadithi ile ya Mtume (s.a.w.) kwamba maskini hasa si yule anayezunguka kwa watu akapewa tonge moja au mawili, bali ni yule asiyepata cha kumtosha wala watu hawamtambui wakampa? Niliisoma miaka mingi nikiwafikiria watu wengine.

Na iko dalili iliyo wazi zaidi, ambayo tunaisoma kila Ijumaa. Katika Suratul Kahf, ile jahazi aliyoitoboa Khidhri ilikuwa ya maskini wanaofanya kazi baharini. Tazameni vizuri: wana chombo, wana kazi, na bado Allah amewaita maskini. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walishika aya hii wakasema kuwa maskini ni mwenye kitu, lakini hakimtoshi. Ipo hadithi inayosema zaka haina fungu kwa tajiri wala kwa mwenye nguvu anayechuma. Wanavyuoni wameeleza kwamba huyo ni yule ambaye chumo lake linamtosheleza. Anayechuma na hakimtoshi hamo katika katazo hilo.

Hali haikuishia 2020. Katika kufungwa kwa pili, mwaka 2021, serikali ilituma shilingi 100,000 kwa simu kwa familia zilizoandikishwa. Mara hii nilitoa jina langu, na mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza juu ya jambo hili. Mwaka 2022 korona ilikuwa imelegea, kazi zimerudi, lakini mche wa sabuni na mafuta ya kupikia vilipanda bei mpaka mtu anasimama dukani anajiuliza kama amesikia vizuri. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari, na Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa mafuta ya mawese yasitoke. Rais akawashauri watu wale muhogo kama hakuna mkate. Muhogo ni chakula kizuri, mimi naupenda, ila na wenyewe unataka makaa na chumvi. Mwaka ule hakuna aliyekuja mlangoni na daftari. Wengi waliokuwa na njaa mtaani kwetu walikuwa watu wanaotoka kazini.

Hapo ndipo tulipoanza kubadilisha daftari letu la zaka na fitra. Zamani tuliandika wajane, mayatima na wagonjwa tu. Sasa tunaandika pia dereva, fundi cherehani, na mwalimu, na tunatuma kwa simu ili asionekane mtu amesimama foleni.

Basi nikamjibu yule kijana mbele ya wenzake waliocheka. Nikawasomea aya ya jahazi, kisha nikawaeleza habari ya kilo 42. Darasa likanyamaza. Akafikiri kidogo, akauliza tena: "Na baba nani atamwambia? Yeye atakataa."

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, Jumamosi baada ya Alasiri inshallah. Beseni ninalo.