Hayabusa na Mkono Mrefu

Nilipoanza kazi ya gereji Maskati, pikipiki za Hayabusa zilizoletwa kwetu zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani. Suzuki waliianzisha mwaka 1999 ikiwa na injini ya cc 1,299, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 1,485. Nguvu ilikuwa ya kumwaga; kazi ilikuwa kuifikisha barabarani. Kijana akiachia klachi na kuvuta mafuta kwa pupa, tairi la mbele linanyanyuka, naye hana budi kupunguza mafuta ili lishuke. Hapo mwenzake keshampita.

Wamarekani wanaoshindana robo maili, yaani mita 402, walikuwa na dawa yao: kurefusha mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu na kupanda na kushuka pamoja na shokapu. Haukupita muda mikono ya alumini ikaanza kuingia gereji yetu, ikitakwa hata na wasiokanyaga uwanja wa mashindano, kwa kuwa pikipiki ndefu iliyoinama ilipendeza.

Fundi wetu mkuu, mzee wa Unguja, alikuwa akiwaambia wateja: "Mwanangu, hapa hatukuongezei nguvu hata chembe. Tunaisogeza ekseli nyuma, basi."

Na hesabu yake ilikuwa sahihi. Pikipiki inapoondoka kwa kasi, hutaka kujiinua ikiegemea gurudumu la nyuma. Tuseme kitovu cha uzito, pamoja na mwendeshaji, kiko sentimita 70 juu ya lami na sentimita 70 mbele ya ekseli ya nyuma. Isogeze ekseli hiyo nyuma sentimita 20, na itahimili mchapuko mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 29 kabla pua haijanyanyuka. Kijana akazidi kuvuta mafuta, na pikipiki ikaenda moja kwa moja bila kutapatapa.

Kuufunga mkono wenyewe hakukuwa kazi kubwa. Cheni inaongezwa pingili, paipu ya breki ya nyuma inabadilishwa kwa ndefu zaidi. Kilichotutesa ni shokapu. Mkono wa sentimita 60 ukirefushwa kwa 15, na shokapu ikabaki pale pale, gurudumu linapata wenzo mkubwa zaidi wa kuikandamiza springi. Springi ile ile, kwa gurudumu, inakuwa imelegea kwa zaidi ya theluthi. Wengi walikataa kununua springi ngumu. Pikipiki zikawa zinaketi nyuma kila zikipita kwenye tuta.

Hasara nyingine ilionekana kwenye kiplefti. Pikipiki ndefu hutaka usukani ukatwe zaidi kwa kona ile ile, na huchelewa kuitikia. Tena sehemu ya uzito imehamia mbele, kwa hiyo tairi la nyuma linakanyaga kwa wepesi. Ukivuta mafuta ungali kwenye kona, penye mchanga kidogo, mkia unateleza. Siku hizo wateja walirudi wakilalamikia matairi, nasi tukawaeleza kwamba tairi halina kosa.

Kisha kompyuta ikaingilia kati. Hayabusa ya mwaka 2021 ina mitambo ya kuzuia tairi la mbele lisinyanyuke na ya kudhibiti nguvu wakati wa kuondoka. Na Suzuki hawakuirefusha: kati ya ekseli zake ni milimita 1,480, tano pungufu ya ile ya kwanza. Kiwanda kimeipunguza kazi ya mkono mrefu kwa vihisio, bila kuziharibu kona.

Mkono mrefu haujafa. Anayekimbia mita 402 zilizonyooka namfungia bila ubishi, alimradi anunue na springi yake. Lakini anayepanda kila siku barabara ya mlimani ya Bausher kwenda Al Amerat namwambia abaki na mkono wa kiwandani, pesa aziweke kwenye matairi na breki. Wengine hununa, wakaenda gereji ya jirani.