Karatasi Tuliyoitia Sahihi

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmekuwa mkiniuliza habari za mke wangu, kanisani na sokoni, na kwa kuwa siwezi kumjibu kila mtu njiani, nimeona heri niyaandike mara moja yaliyotupata.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Katika mwaka 2023, alipokuwa akimnyonyesha mtoto wetu wa tatu, alipapasa titini kibonge kigumu mfano wa punje ya kunde, kisichouma. Kutouma kwake ndiko kulikotudanganya. Twalikwenda zahanati, tukaambiwa ni maziwa yaliyoganda, tukapewa vidonge vya siku 7, tukarudi nyumbani tumeridhika. Jirani akaleta mizizi, nayo tukaichemsha. Hivyo tukapoteza miezi 8, na ile punje ya kunde ikawa kama kokwa la embe, na ngozi juu yake ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Na sisi watu wa Muheza machungwa twayajua. Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe nimefundisha habari za mwili wa mwanadamu kwa miaka 11, nisijue kwamba saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu.

Hata tulipofika hospitali ya mjini na vipimo vyote kwisha, daktari aliniita kando. Alinieleza kwamba ugonjwa umekwisha toka titini, umefika katika ini na mifupa ya mgongo. Dawa zaweza kuuzuia kwa muda, lakini hakuahidi kuuondoa. Nikarudi benchini alikoketi mke wangu, nikamwambia, "Daktari ana matumaini." Sikusema zaidi. Kwa majuma 3 nalilala na neno lile kifuani kama mtu aliyemeza jiwe.

Ndipo tukaulizwa kama twataka kuingia katika jaribio la dawa mpya. Tukapewa karatasi 14 za Kiswahili, tukaambiwa tuzisome pasipo haraka. Usiku ule, katika nyumba ya shemeji yangu, nalimsomea mke wangu kwa sauti, kama nisomavyo darasani. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba jaribio ni la wagonjwa ambao saratani yao imeenea na haitazamiwi kupona kabisa, naliruka, nikaendelea na mstari wa chini.

Akasema, "Mwalimu, umeruka mstari."

Alikuwa akisoma pamoja nami, juu ya bega langu. Kisha akaongeza, kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "Nalijua tangu siku ile ya benchi. Ulikuja unatabasamu, na wewe si mtu wa kutabasamu hospitalini." Nalilia mbele yake. Naye alinyamaza hata nilipokwisha, akaniamuru nirudi juu nikausome ule mstari. Nikausoma.

Naeleza sasa jaribio ni nini, kwa maana wako waliosema kwamba tumemtoa mtu wetu afanywe panya. Dawa hujaribiwa kwanza kwa wanyama. Kisha kwa watu wachache, ijulikane kama haidhuru na kipimo chake ni kipi. Kisha kwa watu zaidi, ionekane kama yafaa. Mwisho hulinganishwa na dawa iliyozoeleka. Katika jaribio letu kila mgonjwa hupata matibabu ya kawaida. Juu ya hayo wengine hupewa vidonge vipya, na wengine vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa ndani. Kompyuta ndiyo ipigayo kura, wala mgonjwa wala daktari hajui aliyepata hiki au kile. Mgonjwa aweza kutoka siku yoyote, wala hanyimwi matibabu yake ya kawaida kwa sababu hiyo.

Mimi kura ile naliichukia. Nalitaka mke wangu apewe dawa, si bahati. Daktari hakukasirika. Alituhadithia habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago katika Uganda, aliyeandika katika mwaka 1958 juu ya watoto waliovimba mataya. Katika mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu mwendo wa kilometa 16,000 hivi, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa ule unapatikana wapi. Kisha dawa zikajaribiwa huko Uganda na Kenya, na kwa watoto wengine uvimbe ule mkubwa uliyeyuka baada ya dozi chache tu. Wengine ulirudi, nao wakafa. Lakini kwa wale waliopona na kwa wale waliokufa, madaktari walijifunza namna ya kuchanganya dawa, na katika mwaka 1967 taasisi ya saratani ikafunguliwa pale Mulago.

Mke wangu aliuliza neno moja tu: "Wale waliopewa kwanza, walijua kwamba ni kujaribu?" Daktari akafikiri, akajibu kwamba zamani watu hawakuelezwa kama waelezwavyo leo. Akasema, "Basi mimi nimeelezwa," akaomba kalamu. Alitia sahihi kwa jina lake kamili, na mimi nikatia yangu chini yake kama shahidi, mkono ukitetemeka hata herufi zikatoka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Imekuwa miezi 7. Nywele zake zilianguka, naye hufunga kitambaa cha kanga. Siku tatu baada ya kila dripu hawezi kustahimili harufu ya mafuta ya kupikia, kwa hiyo mimi napika nje, na wanangu wamejifunza kunicheka ugali wangu. Picha ya mwisho ilionyesha kwamba uvimbe wa ini haujakua. Haujapungua pia. Kama ni kwa vidonge vipya au kwa matibabu ya kawaida, hatujui.

Kesho saa 11 alfajiri twapanda basi. Nimemsomea haya yote, naye ameniagiza niwaambie wazi kwamba hajapona, msije mkamletea pongezi. Bali mwenye mbegu nzuri ya kunde amwekee kibaba kimoja, maana akirudi Ijumaa ataka kupanda kabla mvua hazijakatika.