Matunda Damu ya Chama

Jumanne, 18 Novemba 2025

Baa imepata menyu mpya. Ukurasa wa mwisho ni wa vinywaji vya "matunda adimu ya tropiki", na cha kwanza kabisa kwenye orodha ni cha tunda damu: vodka, sirapu ya vanila, ute wa yai, jani la mnanaa juu. Shilingi 950. Wageni wanakipiga picha kabla ya kuonja, halafu wananiuliza tunda lenyewe linatoka nchi gani. Nawaambia Kiambu.

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini lilifika huku likapata baridi ya Murang'a na Nyeri, likatulia. Saa nne usiku nimeshuka matatu Juja Road. Mama wa matunda bado alikuwa amewasha taa yake, na matunda damu ameyapanga mafungu ya mane mane, fungu shilingi hamsini. "Mpelekee mama yako, yanaongeza damu." Humwambia hivyo kila mtu. Chuma kilichomo ni kidogo, sifa yote imeletwa na rangi. Ila vitamini C imo, nayo husaidia mwili kunyonya chuma cha maharagwe, kwa hiyo hajakosea sana. Nimenunua mafungu mawili.

Jumamosi, 22 Novemba

Mama amerudi kutoka mkutano wa chama na habari kwamba nimeshapewa kazi. Jamhuri Dei wanagawana pesa za mwaka, watachinja kuku, na mimi nitawatengenezea "kile kinywaji cha hotelini". Sikuulizwa.

"Na wale waliookoka?"

"Nao watakunywa."

"Pombe?"

"Wewe si ndiye umesomea? Tafuta njia."

Basi kazi ndiyo hiyo. Kinywaji kimoja, meza moja, wanaokunywa na wasiokunywa, na asitokee mtu wa kuonekana amepewa juisi ya watoto.

Jumatatu, 24 Novemba

Siku ya kupumzika, na stima ipo. Nimeyashughulikia matunda mchana kutwa.

Ganda la tunda damu ni chungu, uchungu usiotishwa na sukari. Ukilisaga nalo, jagi zima limekwenda. Kwa ncha ya kisu unachora msalaba mdogo kwenye kitako, unayamwagia maji yanayochemka, unayaacha dakika moja hivi, halafu unayatia kwenye maji baridi. Ganda linavulika kama soksi. Ndani, nyama ni ya rangi ya chungwa, na katikati mbegu nyeusi zimekaa kwenye ute wa zambarau unaopaka kidole na kukataa kutoka. Blenda ni ya sekunde chache tu, maana mbegu zikivunjika zinaleta ukakasi. Kazi iliyobaki ni ya kichungi cha chai na mgongo wa kijiko, polepole, hadi mbegu zibaki kavu.

Hotelini wanalitia vanila mpaka tunda linasahau jina lake. Mimi nimetia asali iliyoyeyushwa kwa maji moto, nusu kwa nusu, ndimu kidogo na chembe ya chumvi. Chumvi ndiyo iliyofanya kazi. Uchachu umebaki wazi, mate yanajaa pembeni mwa ulimi, na nyuma yake kuna ladha fulani ya nyanya ambayo wengine wataikataa. Wakatae. Sitaificha.

Alhamisi, 27 Novemba

Anti amepita jioni. Ameonja, akatingisha kichwa kwamba ni nzuri, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa nikiwa kaunta: "Hapa ndani utaweka nini, na nani amekipika?"

Anti alipika chang'aa kando ya mto miaka mingi kabla hajaingia kwenye chapati. Madramu, sukari nguru, mahindi, moto wa kuni, na maji ya mto ya kupoesha mfereji. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, ikaja kuruhusiwa na sheria ya vileo ya 2010, ile ya Mututho, lakini kwa leseni na kwa chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Huku bondeni nani angenunua chupa? Askari wa kuja kuchukua chao, anasema, walikuja kabla ya sheria na wakaja baada ya sheria.

Kazi yake anaijua. Matone ya kwanza alikuwa anayamwaga kwa sababu "yanapasua kichwa", na hata wenye viwanda huyatenga. Tulipobishana ni kwenye kiberiti. Yeye anasema unamwaga kwenye kijiko, unawasha, mwali ukiwa wa buluu basi ni safi. Nimemwambia methanoli nayo inawaka buluu. Mwali unakuonyesha kuna spiriti, haukuonyeshi ni ipi. Na hata kumwaga matone ya kwanza hakuiondoi yote, ingawa inachemka kwa nyuzi 65 hivi na ile ya kunywa kwa 78. Zikiwa pamoja, zinatoka zimeshikana.

Hapo akanirudi, na alikuwa na haki. Si wapishi wa mfereji waliomaliza watu. Waliowamaliza ni wale wa kuongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali kwa pesa kidogo. Novemba 2000, Mukuru, pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu mia moja, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kitui, Kiambu na kwingine. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huanza na mshipa wa jicho. Anti hana haja ya kuelezwa hayo. Amenitajia jirani yao wa zamani, muuza kachumbari, aliyeamka akauliza mbona hawajawasha taa, na ilikuwa saa nne asubuhi.

"Kitu kikiwa kitamu sana," akasema, "mimi huuliza kinaficha nini."

Ameondoka nami nikabaki nalitazama jagi. Ninalolipwa hotelini ni kuchanganya mpaka mtu asijue pombe iko wapi. Tena husifiwa kwa hilo: "Hata haisikiki!" Kwa Anti, isiposikika hakuna sifa hapo.

Jumapili, 30 Novemba

Guka, mzee wa ploti yetu, amesikia habari za kinywaji changu na ameniita. Kwake tunda halipigwi blenda, tunda lenyewe ndilo linalopika. Anamaanisha lile refu la mti wa muratina, linaloning'inia kwa kamba yake. Bichi ni sumu. Unalipasua, unalikausha, linatiwa kwenye maji ya asali, linawekwa karibu na moto na kuachwa siku kadhaa. Nyuzi zake zinabaki na hamira, kwa hiyo ukimaliza unalikausha tena na kulitunza kwa ruracio ijayo, sherehe ya mahari. Ana moja amelileta kutoka kwao, jeusi, jepesi mkononi, linanuka moshi.

Nilimwuliza wageni wa ruracio wanajuaje kwamba muratina ni salama. Alinishangaa. Aliyeipika anaonja wa kwanza, mbele yao.

Jumatano, 3 Desemba

Nimevuka kwenda Eastleigh kununua glasi. Nikaingia mkahawa mmoja nikaagiza juisi yao ya matabaka: parachichi chini, embe katikati, pasheni juu. Kijana aliimimina kwenye mgongo wa kijiko, kila rangi ikakaa pake.

Nimeipata. Spiriti ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko maji, na tunda lenye asali ni zito kuliko maji. Nisitikise chochote! Tunda liingie glasi kwanza, barafu juu yake, kisha anayetaka amiminiwe spiriti kwa kijiko, ikae juu, nyeupe, aione ni kiasi gani. Asiyetaka, namwekea kidole cha maji ya ndimu juu, na glasi zinafanana. Halafu kila mtu akoroge yake mwenyewe. Hilo la kukoroga si langu, ni la kinywaji cha "dawa" cha Carnivore, ule mkahawa wa Lang'ata Road uliofunguliwa 1980: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti chenye asali. Nao waliiga caipirinha ya Wabrazili. Kijiti changu kitakuwa cha muwa, wa mkokoteni wa pale stejini.

Spiriti nayo iwe ya miwa. Kenya Cane, mzinga mmoja, mililita 45 kwa glasi. Hawatamaliza.

Jumatatu, 8 Desemba

Barafu ndiyo inanikosesha usingizi. Unaweza kuwa na mzinga safi na tunda safi, halafu barafu ya maji ya mfereji uliopita kwenye mtaro ikaangusha chama kizima. Nimechemsha maji, nimeyajaza kwenye ndoo ndogo za mafuta ya kupikia, na mwenye duka amekubali ziingie kwenye friji yake ya soda sehemu ya juu, shilingi hamsini kwa siku, stima ikipotea nisimdai. Imeshapotea mara moja.

Ijumaa, 12 Desemba

Meza ilikuwa nje, mlangoni kwetu, ili waone. Matunda nimeyamenya pale pale huku mhazina akisoma hesabu, na kusema kweli waliangalia kisu kuliko daftari. Barafu nimeivunja kwa mwiko wa ugali ndani ya taulo safi. Mzinga nimempa Anti kwanza ukiwa umefungwa. Ameugeuza, ameusukuma mfuniko kwa kidole gumba, akampa kijana wa simu aiskani stempu ya ushuru ya KRA kwa ile programu ya Soma Label. Ikakubali. Ndipo akaufungua yeye mwenyewe, na ya kwanza nikainywa mimi.

Ukingo wa glasi niliupaka ndimu nikauchovya kwenye chumvi na pilipili, kama maembe ya Mombasa. Wawili waliukataa. Waliobaki walikunja uso kwa ule uchachu, wakakoroga, wakanywa tena. Baada ya kukoroga hakuna aliyeweza kujua ya nani ina nini, ila mama mmoja aliyeokoka tangu nikiwa shule ya msingi alinisogezea glasi mara ya pili akanong'ona, "Hiyo ya juu, kidogo tu." Nimempa maji ya ndimu. Akanitazama vizuri sana, akarudisha glasi.

Mhazina alitaka kujua glasi moja imegharimu ngapi. Nimempigia: tunda, asali, ndimu, muwa, barafu, spiriti, haifiki mia moja na hamsini. Na hotelini? Nikasema. Kelele zilizotoka hapo zimewafikia watu wa Kiamaiko. Aprili mhazina ana ruracio ya bintiye, na ameshaniandika kwenye daftari lake bila kutaja malipo. Guka naye atakuja na lile tunda lake.

Mzinga umebaki robo. Anti ameufunga vizuri, akauviringisha kwenye gazeti, akautia kwenye kiondo. Anasema ni wa kusugua goti.